Rangi zimepauka kwenye mashine ya fotokopi? Tafuta zinakopotelea kabla hujanunua tona

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, nikaitwa kwenye ofisi ya kampuni moja ya utalii hapa Arusha, si mbali na Mnara wa Saa. Dada wa mapokezi alinitandazia mezani kurasa tatu za ratiba ya safari. Shuka la morani, ambalo kwenye kompyuta lilikuwa jekundu la kuiva, kwenye karatasi lilikuwa na rangi ya tofali lililokaa juani miaka. Anga la Kilimanjaro lilikuwa kama maji ya kufulia. Ukiisogeza karatasi karibu na macho uliona mabaka: hapa rangi imeshika, pale imeruka, kama chokaa iliyopakwa kwenye ukuta ambao haujakauka.

"Fundi, tumeshabadilisha tona zote nne, na bado iko vile vile," akaniambia.

Sikufungua mashine. Nilivuta trei, nikashika karatasi. Zilikuwa laini kama kitambaa, pembe zimeanza kujikunja. Rimu yenyewe ilikuwa wazi, imelazwa sakafuni chini ya dirisha tangu wiki iliyotangulia. Nikafungua rimu mpya iliyokuwa kabatini, nikatoa ukurasa ule ule. Shuka likarudi kuwa shuka.

Katriji za zamani nilizikuta kwenye boksi chini ya meza, zikisubiri kutupwa. Nilipoziinua, mbili zilikuwa bado nzito. Ofisi ile ilikuwa imenunua tona ili kutibu karatasi zenye unyevu, na hili nakutana nalo kila mwaka. Mtu akiona rangi imepauka anasema wino umeisha, kwa sababu kalamu ndivyo ilivyo. Mashine ya fotokopi haiko hivyo. Rangi hupitia mikono mingi kabla ya kutua kwenye karatasi, na yeyote katika hiyo mikono anaweza kuiangusha. Mwongozo huu ni wa kumsaidia katibu muhtasi, mwenye steshenari au mwalimu wa zamu kuitafuta ilipoangukia, hatua kwa hatua, kuanzia kisichogharimu kitu.

Kwanza, ijue njia ya rangi

Mashine ya rangi ya leza ina unga wa rangi, ndio tona, wa aina nne. Kwenye katriji utaona herufi C, M, Y na K. C ni sayani, ambayo mafundi wengi huiita bluu. M ni majenta, wanayoiita pinki. Y ni njano, na K ni nyeusi. Rangi nyingine zote ni mchanganyiko: nyekundu ni majenta na njano, kijani ni sayani na njano, bluu ya kuiva ni sayani na majenta. Likariri hili, kwa sababu ndilo litakalokwambia mgonjwa ni nani.

Kila rangi ina dramu yake, silinda yenye ngozi laini inayong'aa. Dramu huchajiwa umeme, mwanga wa leza unachora picha juu yake, kisha unga unanata pale palipochorwa. Anayeupeleka unga kwenye dramu ni developa. Kwenye mashine nyingi za ofisi ndani yake mna chembe ndogo za chuma zilizochanganywa na tona. Kutoka kwenye dramu, unga unahamia kwenye mkanda mpana mweusi, rangi moja juu ya nyingine, ndipo rola moja inayosukumwa na umeme inauvuta kutoka mkandani hadi kwenye karatasi. Mwisho karatasi inapita kwenye fyuza, ambayo joto lake hufika nyuzi 150 hadi 200 hivi, unga unayeyuka na kushika.

Kwa hiyo rangi inaweza kupotelea kwenye chupa ya tona, yaani katriji, kwenye developa, kwenye dramu, kwenye mwanga wa leza, kwenye mkanda, au kwenye karatasi yenyewe. Inaweza pia kuwa haikutumwa kabisa, kwa sababu mtu alibonyeza kitufe cha kubana matumizi.

Hatua ya kwanza: karatasi tatu

Usiguse chochote kabla ya kutoa karatasi hizi tatu. Ya kwanza ni ukurasa wa majaribio wa mashine yenyewe, ule unaotoka kwenye menyu bila kompyuta. Ya pili ni picha yenye rangi nyingi iliyotumwa kutoka kwenye kompyuta. Ya tatu ni kopi: chukua kitu kilichochapwa vizuri kiwandani, kama jalada la gazeti au kalenda, kiweke kwenye kioo, toa kopi ya rangi. Zilaze mezani pamoja, karibu na dirisha. Taa za ofisi zinadanganya macho.

Kama ukurasa wa majaribio ni mzuri, ila cha kutoka kwenye kompyuta kimepauka, mashine yako ni nzima. Tatizo liko kwenye draiva, yaani programu ya kompyuta inayoiongoza mashine, au kwenye faili. Kama cha kompyuta ni kizuri, ila kopi ndiyo imepauka, tatizo liko juu, kwenye skana: kioo, vioo vya ndani, taa yake, au kitufe cha weupe na weusi ambacho mtu alikishusha juzi akikopi cheti chenye mandhari ya kijivu na hakukirudisha. Kama zote tatu zimepauka, ugonjwa uko kwenye mashine yenyewe au kwenye karatasi.

Nimeona watu wakibadilisha dramu kwa sababu ya kioo cha skana chenye alama za vidole. Karatasi hizi tatu zinakula dakika tano.

Hatua ya pili: soma rangi gani imekimbia

Hapa napenda kutumia bendera ya Taifa. Tafuta picha yake safi, itoe ukurasa mzima. Ina kijani, bluu, nyeusi na mistari ya njano, kwa hiyo inazifanyisha kazi rangi tatu kati ya nne kwa mara moja. Sayani ikiwa dhaifu, kijani kinaelekea njano na bluu inakuwa kama imeoshwa. Njano ikiwa dhaifu, ile mistari inapauka na kijani kinaelekea bluu. Nyeusi ikiwa dhaifu, mkanda wa katikati unakuwa kijivu.

Bendera haitakwambia habari za majenta. Kwa hiyo kando yake weka kitu chekundu; hapa kwetu picha ya shuka haikosekani kwenye kompyuta ya ofisi yoyote. Majenta ikipungua, nyekundu inageuka rangi ya chungwa. Njano ikipungua, nyekundu inageuka pinki.

Sasa uliza swali moja: ni rangi moja iliyopauka, au zote? Rangi moja peke yake ina maana tatizo liko kwenye kituo cha rangi hiyo tu, yaani chupa yake, developa yake, dramu yake, au kioo chake cha leza. Zote kwa pamoja zina maana tatizo liko mahali zinapokutana: mkanda, rola ya kuhamishia, karatasi, mpangilio wa menyu, au jicho la sensa linalopima rangi. Ukishajibu hilo, nusu ya kazi umeimaliza, na hakuna atakayekuuzia dramu ya bluu wakati kinachoumwa ni mkanda.

Angalia pia umbo la mpauko. Mabaka yasiyo na mpangilio, mshukiwa wa kwanza ni unyevu wa karatasi. Upande mmoja mzuri na mwingine hafifu, tona imelala upande mmoja wa katriji au rola haigusi sawasawa. Mistari myeupe inayofuata mwendo wa karatasi ni vumbi kwenye njia ya leza. Alama inayojirudia kwa umbali ule ule inatoka kwenye kitu cha mviringo. Pima umbali huo kwa rula, gawa kwa 3.14, utapata kipenyo cha kinachosababisha. Alama zinazojirudia kila milimita 94 zinatoka kwenye silinda ya milimita 30, na fundi akija umwambie hivyo hivyo.

Hatua ya tatu: karatasi, na hali ya hewa ya huku kwetu

Karatasi inakunywa maji ya hewani. Inapolowa kidogo, hata kama mkono wako hauhisi, inaanza kupitisha umeme. Ile rola iliyotakiwa kuuvuta unga kutoka kwenye mkanda inakuta chaji yake inavujia pembeni, unga unabaki mkandani, karatasi inatoka na rangi nusu. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena mvua za vuli, hiki ndicho kitu cha kwanza ninachokagua, Arusha na Moshi vile vile.

Fungua rimu mpya iliyokuwa imefungwa. Ikiwezekana iwe imekaa chumba kimoja na mashine usiku kucha, ili isitoke kwenye stoo ya baridi ikaingia moja kwa moja kwenye joto la mashine. Toa ukurasa ule ule. Rangi zikirudi, umemaliza. Kinachobaki ni kubadili tabia. Rimu iliyofunguliwa irudishwe kwenye ganda lake, iwekwe kabatini, isilale kwenye sakafu ya saruji. Ijumaa jioni wakati wa mvua, toa karatasi zilizobaki kwenye trei uzifunge kwenye mfuko wa plastiki mpaka Jumatatu. Baadhi ya mashine zina hita ndogo ya kukausha unyevu chini ya trei, na hita hiyo inahitaji plagi iwe ukutani. Ukichomoa mashine kila jioni, hita nayo inalala. Muulize aliyekuuzia kama yako inayo.

Juni na Julai kuna jambo jingine. Asubuhi za Arusha zina baridi, na ofisi ikipata joto ghafla, umande mwembamba unakaa kwenye dramu na vioo, kama miwani inavyofanya ukungu ukiingia jikoni. Kurasa za kwanza zinatoka hafifu, halafu saa nne rangi zimepona zenyewe. Mashine hiyo haina ugonjwa. Iwashe mapema, iache ipate joto taratibu.

Hatua ya nne: mipangilio, na habari ya mwinuko

Ingia kwenye menyu ya mashine, halafu kwenye draiva ya kila kompyuta, utafute kitu cha kubana tona. Huwa kimeandikwa Toner Save, na kwenye mashine za Kyocera ni EcoPrint. Mhasibu aliwahi kukiwasha kwa nia njema, na tangu hapo kila kitu kinatoka kimefubaa. Kizime, ujaribu tena.

Kisha angalia aina ya karatasi. Mashine ikiambiwa ina karatasi ya kawaida huku wewe umeweka kadi nene ya mialiko, umeme wa kuhamishia rangi unakuwa mdogo na mwendo wa fyuza unakuwa wa haraka mno. Rangi inatoka hafifu, na ukiisugua kwa kidole gumba inabanduka. Weka aina ya karatasi iliyoko kwenye trei kweli, kila mara unapobadilisha.

Sasa kitu ambacho ofisi nyingi za Arusha hazijawahi kuambiwa. Mji wetu uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na kwenye hewa nyepesi umeme wa volti kubwa unaruka na kuvuja kirahisi zaidi. Mashine ya fotokopi inaendeshwa na chaji za umeme mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo mwinuko unaigusa. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji, Kyocera mmojawapo, wameweka kwenye menyu mpangilio wa mwinuko, na wanasema utumike kuanzia mita 1,000 iwapo ubora wa chapa umeshuka. Tafuta neno Altitude. Kama liko kwenye kiwango cha kawaida, lipandishe kwenye ngazi ya mita 1,001 hadi 2,000, ulinganishe. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000, kwa hiyo kule acha kawaida. Mashine iliyonunuliwa Dar au iliyohama kutoka Moshi kuja Arusha ndiyo ya kukaguliwa kwanza.

Draiva nayo: hakikisha umeweka ya mashine yako, si ile ya jumla iliyojipachika yenyewe kompyuta ilipopata intaneti. Na usitegemee karatasi ifanane na kioo cha simu. Simu inatoa mwanga, karatasi inaurudisha tu.

Hatua ya tano: sawazisha rangi, na uifanye sawasawa

Mashine nyingi zina zoezi la kujisawazisha. Kwenye menyu tafuta neno Calibration au Gradation. Mashine itatoa ukurasa wenye vijisanduku vya rangi, itakuomba uuweke kwenye kioo iusome, ijipime na kujirekebisha.

Watu wanaliharibu zoezi hili kwa haraka. Futa kioo cha skana kwanza kwa kitambaa laini kikavu, kisha kilicholowa kidogo, kisha kikavu tena. Tumia karatasi nyeupe mpya, ile unayotumia kila siku. Weka ukurasa wa majaribio kwa mwelekeo ulioonyeshwa, halafu juu yake weka karatasi nyeupe kama 10 kabla ya kufunga kifuniko, ili rangi ya kifuniko isipenye na kuichanganya skana. Usilifanye mashine ikiwa ndiyo kwanza imewashwa; iache ichape kurasa kadhaa ipate joto. Na kama umeme unakatika katika siku hiyo, ahirisha.

Kusawazisha ukiwa na karatasi zenye unyevu ni kuifundisha mashine uongo. Ndiyo sababu karatasi nimeitanguliza.

Mimi mwenyewe nilikosea hapa, Moshi, kwenye steshenari ya mama mmoja anayechapa kadi za harusi. Rangi zote zilikuwa hafifu. Nikasawazisha, zikazidi kupauka. Nikarudia, zikazidi tena. Nikamwambia mama mkanda umechoka, itabidi anunue. Usiku sikupata usingizi. Jambo lenyewe halikukaa vizuri kichwani. Mkanda uliochoka haubadiliki kuwa mbaya zaidi kila ukisawazisha. Asubuhi nikarudi, nikaondoa mkanda, nikammulikia tochi yule anayeupima: jicho dogo la sensa, dogo kama punje ya mtama, linalotazama vijisanduku vya rangi vikipita. Lilikuwa limefunikwa na unga wa kijivu. Lilikuwa linaona giza na kuamini kuwa rangi zimezidi, kwa hiyo kila nilipolisawazisha lilipunguza. Nililifuta kwa pamba kavu ya masikioni, nikasawazisha mara moja, kadi zikatoka na nyekundu yake. Nilimwomba mama radhi kwa kumtia hofu ya mkanda. Tangu siku hiyo, rangi zote zikipauka na kusawazisha kukazidisha, naanza na jicho hilo.

Hatua ya sita: tona yenyewe

Sasa ndipo ufike kwenye katriji. Itoe ile ya rangi iliyopauka, itikise taratibu kulia na kushoto mara kama kumi, uirudishe. Tona iliyokaa stoo muda mrefu inashikana. Hakikisha utepe wa kuziba umevutwa wote. Nimeshaukuta nusu yake ndani. Hakikisha chupa imekaa mpaka mwisho.

Kuhusu tona za kujaza na katriji za bei rahisi, nasema wazi: siziamini kwenye mashine ya rangi. Unga wa kila mashine umepimwa chaji yake na joto lake la kuyeyuka. Ukichanganya aina mbili ndani ya developa moja, chembe zinakosa chaji ya kutosha, rangi inatoka hafifu, na wakati huo huo weupe wa karatasi unaanza kuwa na vumbi vumbi la rangi. Ukiona vyote viwili pamoja, hafifu na vumbi, tona ngeni ndiyo mshukiwa wangu. Kuitoa maana yake ni kusafisha developa nzima, na bei rahisi inakuwa imeshapotea.

Kuna mambo mawili ambayo huonekana kama tona kuisha na siyo. Namba ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida huhesabiwa kwa rangi kufunika asilimia 5 tu ya ukurasa. Ratiba ya safari yenye picha ya tembo ukurasa mzima inakula mara nyingi zaidi. Na ukitoa kurasa kama hizo 50 mfululizo, developa inaishiwa pumzi katikati, rangi zinaanza vizuri na kufifia kadiri unavyoendelea. Gawanya kazi kwenye mafungu, ipe mashine dakika chache.

Kinyume chake ni ofisi isiyochapa rangi kabisa. Tona inabaki ndani ya developa ikikorogwa bure kila mashine inapozunguka, inachakaa bila kutumika, na siku ya kuhitajika inatoka imefubaa. Toa angalau ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki.

Hatua ya saba: vumbi

Kiangazi vumbi la barabara zetu linaingia kila mahali, na feni za mashine zinalivuta ndani. Kati ya leza na kila dramu kuna kioo chembamba kirefu. Kikishika vumbi, unapata mistari myeupe au ukanda uliopauka wa rangi moja, ukifuata mwendo wa karatasi. Mashine nyingi zina kijiti cha kusafishia kimepachikwa nyuma ya mlango wa mbele, chenye sponji mwishoni. Wenye ofisi wengi hawajui kama kipo. Kiingize kwenye tundu la rangi husika, kivute na kukirudisha taratibu mara kadhaa, usikilazimishe.

Unga ukimwagika, usiupulize kwa mdomo wala usitumie vakyumu ya nyumbani: chembe zake ni ndogo mno, zinapita kwenye mfuko na kurudi kwenye hewa mnayovuta. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi. Shati nalo, maji baridi. Maji ya moto yanauyeyusha unga, na doa halitoki tena.

Hatua ya nane: chungulia katikati ya njia

Ikiwa bado hujapata, kuna jaribio moja ambalo fundi mzuri hulifanya, na wewe unaweza kumwomba alifanye mbele yako. Tuma ukurasa wenye rangi nzito, na karatasi ikiwa katikati ya safari, fungua mlango. Mashine inasimama. Sasa tazama mkanda. Kama picha iliyoko mkandani ni nzito na imeiva, lakini karatasi iliyokwishapita ina rangi hafifu, unga unakwama pale mkanda unapokutana na karatasi: ni rola ya kuhamishia au karatasi. Kama mkandani tayari ni hafifu, rudi nyuma kwenye dramu ya rangi hiyo. Dramu ina picha nzito? Tatizo ni mkanda na rola zake za ndani. Dramu nayo ni hafifu? Basi ni developa, leza, au dramu imechoka.

Dramu isiguswe kwa vidole, na isikae kwenye mwanga zaidi ya dakika chache. Ikitolewa, ifunikwe kwa kitambaa kizito.

Developa ikibadilishwa, sensa yake lazima ifundishwe upya kwenye menyu ya mafundi. Asiyefanya hivyo anaiacha mashine ikipima unga mpya kwa kipimo cha zamani. Na jambo la kusikitisha ninalokutana nalo kwenye mashine za mtumba: kaunta ya dramu, yaani hesabu ya kurasa ilizokwisha kuchapa, imerudishwa sifuri, dramu ni ile ile. Mashine nyingi huongeza au kupunguza umeme kulingana na umri wa dramu. Ikidanganywa kuwa dramu ni changa, inaihudumia kama changa, na rangi haziwezi kuwa sawa. Ukimlipa fundi kubadilisha kitu, mwombe akukabidhi kile cha zamani mkononi. Fundi mwaminifu hataona vibaya.

Umeme

Mashine isichomekwe kwenye UPS ndogo ya kompyuta, lile boksi la betri ya akiba. Fyuza ikipata moto inavuta zaidi ya wati 1,000 kwa mkupuo. Tumia stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka, yenye uwezo unaoitosha mashine, na soketi yake peke yake, bila birika la chai.

Karatasi ya kumbukumbu

Siku mashine ikiwa na afya, toa ukurasa wa majaribio, bendera na shuka. Nyuma yake andika tarehe, namba ya kaunta na aina ya tona iliyomo. Tia kwenye bahasha ya kaki, uifungie droo, mbali na jua. Yule dada wa mapokezi anayo ya kwake sasa, kwenye faili la risiti za mashine. Mwezi uliopita alinipigia akasema, "Fundi, nimelinganisha na ya Mei. Ni majenta peke yake, nyingine ziko sawa, na rimu ni mpya." Nikabeba developa moja begani, nikapanda daladala.